Namba 300,000,000,000 na Pesa za Wazazi Wetu

Leo tusome historia kupitia namba moja tu: 300,000,000,000. Ni bilioni 300. Waliosoma Kifaransa wanasema miliyari 300. Ukiihesabu moja moja, kila sekunde namba moja bila kulala, utahitaji zaidi ya miaka 9,500. Hizo ndizo zaire za zamani zilizokuwa sawa na franka moja ya Kongo ilipoanza, Juni 1998.

Namba hii imetoka wapi? Mobutu alianzisha zaire mwaka 1967, na zaire moja ilikuwa dola 2 za Marekani. Mwaka 1973 biashara za wageni zikanyang'anywa wakapewa wakubwa. Kisha bei ya shaba ikaanguka, na serikali ikazoea kulipa watu kwa kuchapisha noti tu. Mwisho wa 1992 ikatoka noti ya 5,000,000! Wafanyabiashara wakaikataa, na waziri mkuu Étienne Tshisekedi akasema si halali. Askari waliolipwa noti hizo wakaasi Kinshasa, Januari 1993. Watu wengi walikufa, na balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akauawa.

Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka: moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha sasa. Sufuri 6 na sufuri 5 ni 11, na mbele yake inasimama 3.

Hiyo 3 ndiyo iliyosumbua watu sokoni. Hapa Uganda, mwaka 1987, shilingi 100 za zamani zilifanywa moja mpya. Serikali ilikata pia asilimia 30, lakini hesabu ya kubadilisha yenyewe ilikuwa rahisi: unafuta sufuri mbili, basi. Kwa zaire haikuwa hivyo. Gawa 10, 100 au 1,000,000 kwa 3, daima itabaki 1, kwa sababu 9, 99 na 999,999 zote zinagawanyika kwa 3. Na noti huanza na 1, 2 au 5, halafu sufuri. Hakuna hata moja inayogawanyika kwa 3. Noti ya 1,000,000 ilikuwa sawa na makuta mapya 33 na theluthi moja. Nani atakurudishia theluthi?

Ajabu ni kwamba namba yenyewe inagawanyika vizuri sana. Ni 3, mara 2 kumi na moja, mara 5 kumi na moja, zote zikizidishwa pamoja. Ina vigawo 288. Kwenye karatasi ni namba safi, lakini mikononi mwa mama muuza mihogo ilikuwa shida. Kule Kasai watu waliikataa kabisa zaire mpya, wakaendelea na za zamani. Nchi moja, pesa mbili.

Sasa linganisha. Kwa bei ya 1967, zaire bilioni 300 zingekuwa dola bilioni 600. Mwaka 1998 hazikufika hata dola moja. Kufuta sufuri kulirahisisha kuhesabu tu. Akiba ya watu haikurudi.

Kwa hiyo mzee akikwambia aliwahi kushika mamilioni na bado akalala njaa, usimcheke. Muulize: ilikuwa mwaka gani?