Zawadi ya wiski ya Uskoti: historia iliyo nyuma ya lebo

Maneno machache yaliyochapishwa kwenye chupa ya wiski ya Uskoti yametokana na ugomvi wa miaka mingi kati ya watoza ushuru, wafanyabiashara na mahakama. Anayetaka kumchagulia mwenzake chupa njema ya zawadi anafaidika akijua maneno hayo yalikotoka.

Mwishoni mwa mwaka 1905, baraza la kitongoji cha Islington, kaskazini mwa London, liliwafikisha mahakamani wauza vileo waliotuhumiwa kuwauzia wateja kitu kisichokuwa wiski kwa jina la wiski. Mashitaka hayo yalifunguliwa chini ya sheria ya mwaka 1875 iliyotungwa ili kuwalinda wanunuzi dhidi ya vyakula na dawa vilivyochanganywa na vitu duni. Swali lililomkabili hakimu lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: wiski ni nini hasa?

Februari mwaka 1906 hakimu aliamua kwamba kinywaji kilichotoka katika mtambo mpya wa viwandani hakistahili jina hilo. Rufaa ilipokatwa, mahakimu waliogawanyika nusu kwa nusu walishindwa kutoa uamuzi. Nchi iliyokuwa ikiuza wiski duniani kote ikajikuta haina tafsiri ya kisheria ya bidhaa yake mashuhuri.

Maji ya uhai

Mzozo huo ulikuwa na mizizi mirefu. Kumbukumbu za hazina ya wafalme wa Uskoti za miaka ya 1494 na 1495, enzi ya Mfalme James wa Nne, zinamtaja mtawa aitwaye John Cor, aliyepewa vipimo vinane vikubwa vya kimea ili atengeneze kilichoitwa kwa Kilatini "maji ya uhai". Waskoti wa milimani, wasemao Kigaeli, walikiita uisge beatha, maneno yenye maana hiyo hiyo, na kutoka hapo ndipo lilipozaliwa neno wiski.

Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwa yeyote anayejua jinsi gongo au chang'aa inavyopatikana. Shayiri huloweshwa hadi ichipue, kisha hukaushwa na kuwa kimea. Kimea husagwa, hutiwa maji ya moto na kuachwa kichachuke kwa hamira. Togwa hilo lililochacha hukenekwa katika mitungi ya shaba, yaani huchemshwa, na mvuke wake hupozwa hadi ugeuke matone. Wakulima wa Uskoti waliifanya kazi hiyo majira ya baridi, nafaka ikiwa imeshavunwa.

Mwaka 1644 Bunge la Uskoti liliweka ushuru wa kwanza juu ya kinywaji hicho. Tangu hapo, na hasa baada ya Uskoti kuungana na Uingereza mwaka 1707, mabonde yalijaa mitambo ya siri, na watoza ushuru wakawa wakiisaka usiku na mchana. Wiski ya magendo ilisifiwa kuwa tamu kuliko ya halali, kwani viwanda vilivyolipa kodi vililazimika kukeneka haraka haraka ili kufidia gharama.

Mambo yalibadilika mwaka 1823, Bunge lilipopitisha sheria iliyopunguza ushuru na kuruhusu leseni kwa ada ya pauni 10 kwa mwaka. Mwaka uliofuata, mkulima George Smith wa bonde la Glenlivet alichukua leseni. Majirani zake waliokuwa bado katika magendo walimwona msaliti na kutishia kukichoma moto kiwanda chake, naye kwa muda mrefu alitembea na bastola mbili kiunoni. Leo, mtu anaposoma neno Glenlivet kwenye chupa, anasoma jina la bonde ambalo uhalali wake ulilindwa kwa silaha.

Mtambo wa Coffey

Mwaka 1830, Aeneas Coffey, raia wa Ireland aliyewahi kuwa afisa wa ushuru, alipata hataza ya mtambo wa aina nyingine. Mitungi ya shaba hupika mkupuo mmoja, kisha husafishwa na kujazwa upya. Mtambo wa Coffey, wenye minara miwili mirefu, ulifanya kazi mfululizo bila kusimama. Ulitumia nafaka za bei nafuu kama mahindi na ngano, na ulitoa pombe nyepesi, kali na isiyo na ladha nyingi.

Kinywaji hicho kilikuwa rahisi mno, na cha kimea kilikuwa kizito mno kwa walaji wengi wa mijini. Wafanyabiashara wakagundua kwamba vikichanganywa, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Andrew Usher wa Edinburgh alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa biashara hiyo katika miaka ya 1850, na sheria ya mwaka 1860 ikaruhusu wiski ya kimea na ya nafaka kuchanganywa ghalani kabla ya kulipiwa ushuru. Familia ya John Walker, aliyefungua duka la vyakula mjini Kilmarnock mwaka 1820, ilijenga jina lake kwa njia hiyo hiyo.

Bahati nayo iliwaangukia kutoka Ufaransa. Kuanzia miaka ya 1860, mdudu aitwaye filoksera aliishambulia mizabibu ya nchi hiyo, na brandi ikaadimika. Matajiri wa London waliozoea brandi wakageukia wiski.

Kasuku na gereza

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Hakuna waliojitembeza kama ndugu Robert na Walter Pattison wa Leith, bandari ya Edinburgh. Walikopa fedha nyingi, wakajenga ofisi za kifahari, na inasimuliwa kwamba waligawa mamia ya kasuku waliofundishwa kutamka sifa za wiski yao katika vilabu vya pombe.

Kampuni yao iliporomoka Desemba mwaka 1898 na kuvuta shimoni wafanyabiashara wengine wengi. Uchunguzi ulifichua kwamba hesabu zilikuwa za uongo, na kwamba pombe ya nafaka ya bei poa, iliyotiwa wiski ya kimea kidogo tu, ilikuwa ikiuzwa kama wiski bora ya Glenlivet. Mwaka 1901 ndugu hao wawili walifungwa gerezani kwa ulaghai.

Baraza la Islington lilipokwenda mahakamani miaka minne baadaye, aibu hiyo ilikuwa haijasahauliwa. Baada ya kesi kukwama, serikali iliunda Tume ya Kifalme mwaka 1908. Ripoti yake ya mwaka 1909 iliwapa ushindi wenye mitambo mipya: wiski ni pombe iliyokenekwa kutokana na nafaka kwa msaada wa kimea, iwe imetoka mtungini au katika mtambo wa Coffey. Wenye viwanda vya kimea walinung'unika, lakini wiski ya mchanganyiko ilipata baraka za serikali, na ndiyo iliyoendelea kutawala soko la dunia.

Kanuni ya umri ilizaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, waziri David Lloyd George aliamini kwamba ulevi ulikuwa unadhoofisha viwanda vya silaha, na alitaka pombe kali izuiwe. Wenye viwanda walikubaliana naye nusu ya njia. Sheria ya mwaka 1915 ililazimisha wiski kukaa ghalani miaka miwili kabla ya kuuzwa, na mwaka uliofuata muda huo ukafanywa miaka mitatu. Lengo lilikuwa kupunguza unywaji, ila matokeo yalikuwa kinywaji bora zaidi. Miaka hiyo mitatu ingali sheria hadi leo.

Neno moja lililozua vita

Wiski ya kimea pekee, kutoka kiwanda kimoja, haikujulikana sana nje ya Uskoti hadi kampuni ya Glenfiddich ilipoanza kuitangaza ng'ambo mwaka 1963. Miaka 40 baadaye, ilikuwa bidhaa ya thamani kiasi cha kuzusha mgogoro mpya.

Mwaka 2003, kampuni ya Diageo ilikuwa haiwezi kutosheleza soko la wiski yake ya Cardhu, iliyopendwa mno nchini Hispania. Ikaamua kuchanganya ndani yake wiski za kimea kutoka viwanda vingine. Chupa ilibaki na umbo lile lile, jina likabaki lile lile, na kwenye lebo neno "Single" likabadilishwa kuwa "Pure". Washindani walikuja juu wakidai mnunuzi anahadaiwa, na mwaka 2004 bidhaa hiyo iliondolewa sokoni.

Kanuni za Wiski ya Uskoti za mwaka 2009 zilikata mzizi wa fitina. Maneno "Pure Malt" yalipigwa marufuku, na aina tano tu za wiski zikatambuliwa. "Single Malt" ni kimea cha shayiri peke yake, kilichokenekwa kwa mitungi katika kiwanda kimoja. "Single Grain" nayo hutoka kiwanda kimoja, ila nafaka nyingine huruhusiwa. "Blended Malt" huchanganya "Single Malt" za viwanda viwili au zaidi, na "Blended Grain" hufanya vivyo hivyo kwa wiski za nafaka. "Blended Scotch Whisky" ni ndoa ya kimea na nafaka, ile ile iliyoshitakiwa Islington. Zote lazima zikenekwe na kukomazwa Uskoti, ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, na ziwe na kilevi kisichopungua asilimia 40.

Kuchagua kwa ajili ya mwingine

Historia hiyo inampa mnunuzi wa leo mizani ya kupimia. Kwanza ni umri. Nambari 12 au 18 kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, kwa hiyo huenda nyingine zina miaka mingi zaidi. Umri huo huhesabiwa ndani ya pipa tu. Chupa ya miaka 12 iliyofichwa kabatini kwa miaka 20 ingali ya miaka 12. Bei hupanda pamoja na umri kwa sababu pipa hupoteza takriban asilimia 2 ya kinywaji kila mwaka kwa kugeuka mvuke, lakini ladha haipandi kwa kipimo hicho hicho. Mwaloni ukizidi, hufunika yote.

Pili ni mahali. Wiski nyingi za eneo la Speyside, kama vile Glenfiddich na Glenlivet, ni laini na zenye harufu ya matunda. Nyingi za kisiwa cha Islay, kama vile Laphroaig na Ardbeg, hutokana na kimea kilichokaushwa kwa moshi wa mboji, udongo wa mabwawani unaochomwa kama kuni. Moshi huo huwapendeza wazoefu, lakini kwa anayeonja mara ya kwanza unaweza kufanana na dawa ya hospitali. Kwa mpokeaji ambaye ladha yake haijulikani, wiski laini ya Speyside, au mchanganyiko mzuri, ni salama zaidi. Mchanganyiko si alama ya uduni, na kesi ya mwaka 1905 haina nguvu tena.

Tatu, na pengine kubwa zaidi, ni mpokeaji mwenyewe. Katika Afrika Mashariki chupa hii ina historia yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka vizuizi juu ya biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na baadaye sheria za kikoloni za Uingereza ziliwazuia Waafrika kunywa pombe kali za Kizungu kwa miongo kadhaa, huku Wazungu wakinywa watakavyo. Si ajabu kwamba baada ya vizuizi hivyo kuondolewa, chupa ya wiski sebuleni ilikuwa na maana iliyozidi kileo kilichomo.

Hata hivyo, jamii ya Waswahili ina Waislamu wengi, na kwao zawadi hiyo si heshima bali ni kero. Na nchini Kuwait, ambako pombe imepigwa marufuku, chupa iliyofungwa vizuri ndani ya sanduku inaweza kumwingiza msafiri katika kesi ya jinai.

Anayedhani kwamba fedha nyingi zinatosha kumlinda, na azingatie kilichotokea mwaka 2017 katika hoteli moja mjini St. Moritz, Uswisi. Mgeni mmoja alilipa takriban faranga 10,000 kwa kipimo kimoja cha wiski ya Macallan iliyoandikwa kuwa ya mwaka 1878. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa Oxford vilionyesha kwamba yaelekea ilitengenezwa kati ya mwaka 1970 na 1972. Uchunguzi mwingine uliofanywa Uskoti ulibaini kwamba haikuwa wiski ya kimea pekee, bali mchanganyiko wa kimea na nafaka. Hoteli ilirudisha fedha.

Zaidi ya karne moja baada ya kesi ya Islington, swali lilikuwa lile lile, na mnunuzi hakuwa na njia ya kulijibu kwa macho. Ndiyo maana chupa ya kawaida kutoka duka linaloaminika, yenye lebo inayosema wazi aina, umri na kiwanda, na nchini Kenya au Tanzania yenye stempu ya kodi shingoni, ni zawadi ya heshima kuliko hazina ya kale isiyojulikana ilikotoka. Anayetoa zawadi humdhamini kwa mpokeaji yule aliyeitengeneza, na ni vyema amjue kabla ya kumdhamini.