Saa Yako ya Kurudi ni Saa Ngapi? Somo la Biashara Kutoka Everest 1996

Wasee, kuna uongo tunauziana kila siku huku mitandaoni: eti kiongozi wa ukweli harudi nyuma. Ukiona giza, kaza. Ukiona deni, kopa ingine usonge. Na picha inayowekwa hapo nyuma ya hayo maneno ni ya mtu amesimama juu ya mlima wenye theluji.

Sawa, tuongee kuhusu huo mlima basi.

Mwaka 1996, kupanda Everest kulikuwa tayari biashara. Rob Hall, raia wa New Zealand, alikuwa na kampuni ya Adventure Consultants. Mteja alilipa karibu dola 65,000 apelekwe juu. Scott Fischer, Mmarekani, alikuwa na kampuni yake, Mountain Madness, na alikuwa anataka kuingia kwa hiyo soko kwa nguvu. Kila mmoja alikuwa na mwandishi wa habari kwenye timu yake. Yaani safari ya mlima ilikuwa pia tangazo.

Hall hakuwa mtu wa kubahatisha. Kufikia mwaka huo alikuwa amefikisha watu 39 kileleni. Na alikuwa na sheria moja ya maana: saa ya kurudi. Juu ya mita 8,000 hewa ni kidogo sana, akili inakuwa nzito, na mtungi wa oksijeni una mwisho. Kwa hivyo saa ikifika unageuka, hata kama kilele unakiona na macho yako. Mwaka 1995 aliifuata hiyo sheria. Aliwarudisha wateja wake wakiwa wamebakisha kama mita 100 hivi. Mmoja wao alikuwa Doug Hansen, mfanyakazi wa posta. Wote walirudi nyumbani hai.

Halafu Hall akampigia Hansen simu, akampunguzia bei, akamshawishi ajaribu tena. Weka hiyo akilini.

Tarehe 10 Mei 1996, zaidi ya watu 30 walikuwa wanaelekea juu siku hiyo moja. Kamba hazikuwa zimefungwa mapema sehemu ngumu, foleni ikajipanga. Kuhusu saa ya kurudi, walikuwa wameongea kuhusu saa saba, au saa nane mchana kwa kuchelewa kabisa. Lakini haikupigiwa msumari. Saa nane ikapita, watu bado wanapanda. Fischer alifika kileleni karibu saa kumi kasorobo. Hansen alifika baada ya saa kumi, na Hall alikuwa bado huko juu anamngoja.

Dhoruba ikaingia jioni. Hall, Fischer, Hansen na wengine wawili wa timu ya Hall walifariki. Upande wa Tibet walikufa Wahindi watatu. Jumla watu wanane.

Ni kweli, dhoruba haina bosi. Lakini dhoruba iliwapata huko juu kwa sababu mtu hakusema "basi". Na kwangu hapo ndipo kuna somo la uongozi.

Kwanza, Hall hakuwa mjinga wala mchoyo. Alikuwa na deni la ahadi. Mteja ambaye ulimrudisha mwaka jana, ukamwita tena, utamwambiaje arudi mara ya pili? Hivyo ndivyo gharama iliyopita inakufunga macho. Ni kama msee wa duka la mitumba ambaye ameshaweka laki mbili, kwa hivyo anakopa ya tatu ili zile mbili zisiende bure. Zimeshaenda, buda.

Pili, kunyamaza. Hall alikuwa ameambia wateja mapema kwamba huko juu neno lake ndilo la mwisho. Neal Beidleman, mwongozaji wa tatu kwa cheo katika timu ya Fischer, alikuja kukiri kwamba kwa sababu ya hicho cheo hakusema kila mara alipopaswa kusema. Tumelelewa na ile methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo mkuu mwenyewe ndiye alikuwa amepitwa na saa, na hakuna aliyejiona na nafasi ya kumwambia.

Sasa angalia waliorudi. Wateja watatu wa Hall waliona foleni, wakapiga hesabu, wakageuka kabla ya saa sita mchana. Pesa zao zilienda, lakini wao waliishi. Na kuna David Breashears, aliyekuwa anapiga filamu ya IMAX huko huko. Timu yake ilikuwa mbele ya hao wengine, lakini hali ya hewa ilimtia shaka, akashuka. Akapishana na kina Hall wakipanda. Mambo yalipoharibika, timu yake ilitoa mitungi yake ya oksijeni itumike kuokoa watu. Tarehe 23 Mei wakafika kileleni, na filamu ikatoka 1998.

Mtu aliyerudi nyuma ndiye alimaliza kazi. Hiyo hutaiona kwenye bango la motisha.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo najua vile neno "kurudi nyuma" hutupwa kama tusi. Lakini sisemi uache kila kitu kikiwa kigumu. Nasema kiasi na tarehe ziandikwe ukiwa bado chini, akili ikiwa na oksijeni: nikipoteza hii kiasi, au ikifika mwezi huu bila faida, nafunga. Halafu mpe mtu mmoja ruhusa ya kukukumbusha, mtu ambaye hatakuogopa.

Wakenya huu mlima tunaujua kwa uchungu. Mei 2024 ulimchukua Cheruiyot Kirui wetu. Kwa hivyo tusiugeuze kuwa picha tu ya kujipa moyo.

Kabla uongeze shilingi ingine kwa hiyo hasla, nijibu: saa yako ya kurudi ni saa ngapi, na nani anaruhusiwa kukwambia imefika?