Tofali la kuchoma

Tofali la kuchoma (wingi: matofali ya kuchoma) ni kipande cha udongo wa mfinyanzi kilichofinyangwa, kukaushwa na kuchomwa kwa moto mkali mpaka kikawa kigumu kama jiwe. Hutumika kujengea kuta, nguzo, mabomba ya moshi na majiko.

Historia

Matofali ya kwanza yalikaushwa kwa jua tu, nayo huyeyuka yakilowa. Matofali ya kuchoma yalitumika sana katika miji ya Harappa na Mohenjo-daro, bonde la mto Indus, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Waroma waliyaeneza Ulaya. Baada ya moto mkubwa wa London mwaka 1666, sheria iliagiza nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe. Katika pwani ya Afrika Mashariki miji ya kale kama Kilwa ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Utengenezaji

Udongo hukandwa kwa maji, hutiwa katika kalibu ya mbao, kisha tofali bichi huanikwa kivulini lisipasuke. Yakikauka hupangwa kuwa tanuri lenye matundu ya kuni chini, na nje hukandikwa tope ili joto lisitoke. Moto huwaka kwa siku kadhaa. Joto linalofaa ni takriban sentigredi 900 hadi 1,000. Rangi nyekundu hutokana na chuma kilichomo udongoni. Matofali ya pembezoni mara nyingi hayaivi na humomonyoka mvuani. Tofali lililoiva hulia kama chuma likigongwa na jingine.

Matumizi

Mwashi huunganisha matofali kwa udaka wa saruji au chokaa na mchanga. Viungo vya wima havipaswi kufuatana katika mistari miwili inayopakana, la sivyo ukuta hupata ufa.

Athari kwa mazingira

Katika sehemu nyingi za Tanzania na Uganda matanuri hutumia kuni, hivyo huchangia ukataji wa miti. Mashimo ya udongo yakiachwa wazi hutuama maji, huzalisha mbu na huhatarisha watoto. Baadhi ya wachomaji hutumia pumba za mpunga. Njia nyingine ni matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo hushindiliwa kwa mashine, wala hayachomwi.