Kwanzaa: Sikukuu Iliyotungwa kwa Kiswahili Ng'ambo ya Bahari

Kwanzaa, sikukuu ya siku saba inayoadhimishwa na Wamarekani Weusi kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari, ni miongoni mwa sikukuu chache ambazo mwanahistoria anaweza kuzitajia mwasisi, mji na mwaka. Iliasisiwa na Maulana Karenga mjini Los Angeles mwaka 1966, na msamiati wake, kuanzia jina hadi salamu, ulichukuliwa kutoka Kiswahili, lugha ambayo si lugha mama ya waadhimishaji wake.

Chimbuko lake halitenganishwi na ghasia zilizozuka Agosti 1965 katika mtaa wa Watts mjini humo, ambamo watu 34 walipoteza maisha. Karenga, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Ronald Everett na ambaye alijifunza Kiswahili akiwa mwanafunzi, alishiriki mwaka huohuo kuunda kikundi kilichoitwa Us, yaani "sisi", kwa imani kwamba watu walionyang'anywa utamaduni wao hawawezi kushinda katika siasa kabla ya kuurejesha. Sikukuu ilikuwa sehemu ya mradi huo: mfano wake ulitafutwa katika sherehe za mavuno ya kwanza za kusini mwa Afrika, kama Incwala ya Waswazi, na tarehe zake zikapangwa baada ya Krismasi, mbali na pilikapilika za manunuzi.

Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu hakikuhesabiwa kuwa mali ya kabila moja. Wakosoaji wamekumbusha mara nyingi kwamba mababu wengi wa Wamarekani Weusi walitekwa Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola, si pwani ya Waswahili. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haigusi kiini cha jambo, kwa kuwa Kiswahili cha miaka ya 1960 kilikuwa pia lugha ya mataifa mapya yaliyojitangazia uhuru. Neno "ujamaa", ambalo ni nguzo ya nne kati ya Nguzo Saba, yaani misingi saba ya maadili inayogawiwa siku moja moja, lilikuwa limekwisha kupewa uzito wa kisiasa na Julius Nyerere katika kijitabu chake cha mwaka 1962, miaka mitano kabla ya Azimio la Arusha. Na "Harambee", mwito unaopazwa katika sherehe hizo, ulikuwa tayari wito wa Jomo Kenyatta kwa Wakenya.

Hata hivyo maneno yaliyovuka bahari yalianza maisha mengine. Jina lenyewe lilitokana na "matunda ya kwanza", tafsiri ya neno kwa neno, ilhali Kiswahili kina neno lake la zamani, "malimbuko", linalofahamika hata kwa wasomaji wa Biblia na linalotokana na kitenzi "limbua", yaani kuonja mazao mapya kwa mara ya kwanza. Nguzo ya pili, "kujichagulia", inakusudiwa kumaanisha haki ya watu kujiamulia mambo yao, ingawa sikio la Dodoma au Mombasa huenda likamfikiria kwanza mnunuzi anayejichagulia nyanya sokoni. Salamu "Habari gani?" haijibiwi kwa "nzuri" wala "salama", bali kwa jina la nguzo ya siku hiyo, ili anayesalimiwa siku ya kwanza aitikie "Umoja". Si haki kuyaita hayo makosa, kwa sababu ndani ya sikukuu yenyewe maneno hayo yana maana thabiti, kama vile maneno ya Kiarabu yalivyopata maana mpya yalipotia nanga pwani.

Nguvu ya Kwanzaa ilikuwa katika wepesi wa vifaa vyake: mkeka, mahindi, kikombe cha umoja, na kinara, yaani kishikio cha mishumaa saba yenye rangi nyeusi, nyekundu na kijani, ambazo ni rangi za bendera ya chama cha Marcus Garvey ya mwaka 1920. Haikuhitaji kasisi wala serikali, na kila kaya iliweza kuiendesha mezani pake. Ndiyo maana haikuzimika mwaka 1971, Karenga alipotiwa hatiani kwa kuwashambulia wanawake waliokuwa katika kikundi chake na kufungwa hadi mwaka 1975, kwa kuwa jumuiya nyingine, ikiwemo ile ya mshairi Amiri Baraka mjini Newark, zilikuwa zimekwisha kuipokea. Mwaka 1997 shirika la posta la Marekani lilitoa stempu yake.

Limebaki suala la herufi ya mwisho, ambayo mwalimu yeyote wa Kiswahili angeipigia mstari mwekundu. Masimulizi ya waasisi yanaeleza kwamba katika sherehe ya kwanza watoto saba walitaka kila mmoja ashike herufi ya jina hilo, nalo "kwanza" lina herufi sita tu, hivyo ikaongezwa "a" ili mtoto wa saba naye apate ya kwake.