Hodi ya Kitufe

Katika mji wenye nyumba nyingi, mgeni apigapo hodi uani sauti yake husikiwa na wote, lakini si wote wapasao kuitika. Ni lazima iwepo desturi ya kuamua nani ajibu na nani anyamaze. Shida hiyo iliwapata mafundi waliotunga programu za kompyuta, na leo imo ndani ya kila simu ya mkononi. Kidole kimebonyeza kitufe kimoja, na ndani mna sehemu nyingi za programu ziwezazo kukipokea. Ni nani aliyeitwa?

Taipureta haikuwa na swali hilo. Katika chombo ambacho Christopher Sholes na wenziwe walikipatia hataza huko Marekani mwaka wa 1868, kitufe kilifungamana na herufi yake kwa vipande vya chuma. Ukikibonyeza, herufi ile ile ndiyo iliyoinuka kugonga karatasi.

Kompyuta ilivunja kifungo hicho. Kitufe kilitoa ishara tu, na maana ya ishara ikategemea ni nani aliyeipokea, na alikuwa katika hali gani. Madhara yake yalionekana waziwazi huko Palo Alto, California, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox. Mwaka wa 1974 Butler Lampson na Charles Simonyi walitunga humo programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Wakati mwingine vitufe vyake vilikuwa amri, na wakati mwingine vilikuwa herufi. Basi mwandishi aliyesahau kwamba yumo katika hali ya amri, akaandika neno la Kiingereza "edit", alipatwa na msiba: E iliyachagua maandishi yote, D ikayafuta, I ikaamuru maandishi mapya yaingizwe, na T ikaingizwa. Kazi ya siku nzima ikageuka herufi moja! Msomaji atambue kwamba mashine haikukosea hata kidogo. Kila kitufe kilifika, ila kilifika kwa asiyekusudiwa. Larry Tesler, aliyefanya kazi katika kituo hicho hicho, alizichukia hali hizo na kuzipiga vita miaka mingi, hata kibao cha nambari ya gari lake kikatangaza chuki hiyo.

Mwaka wa 1979 Trygve Reenskaug, Mnorwe aliyekuwa mgeni kituoni, alipendekeza kazi igawanywe kwa watatu: mmoja ashike habari zenyewe, wa pili azionyeshe kiooni, na wa tatu apokee vitendo vya mtumiaji. Huo ulikuwa mgawanyo mwema. Lakini ni nani ajibu pale wapokeaji wanapokuwa ishirini?

Jibu lililodumu, kwa maoni yangu, ni lile lililotiwa katika programu za kampuni ya NeXT, aliyoianzisha Steve Jobs mwaka wa 1985. Sehemu yenye zamu hupewa kitufe kwanza. Isipokuwa na haja nacho, humpa aliye juu yake, naye humpa aliye juu yake, hata kufikia dirisha na programu nzima. Na asipopatikana wa kukitaka, kompyuta hutoa mlio mfupi. Uzuri wa desturi hii ni kwamba mdogo halazimiki kujua mambo ya mkubwa: kisanduku cha kuandikia jina hakihitaji kujua namna ya kufunga ukurasa. Mwishoni mwa mwaka wa 1996 Apple ilikubali kuinunua NeXT, na desturi hiyo ikaingia katika iPhone mwaka wa 2007.

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream ya mwaka wa 2008, ilikuwa na vitufe halisi vilivyofichwa chini ya kioo. Katika Android, sehemu iliyokabidhiwa kitufe hutakiwa kujibu ndiyo au la: ndiyo, nimekitumia, kisipelekwe mbele, la, apewe mwingine. Hapo ndipo uaminifu hutakiwa. Sehemu isemayo ndiyo bila kufanya neno hukimeza kitufe, na mwenye simu hubonyeza akabonyeza bure. Ile itendayo kazi kisha ikasema la ni mbaya zaidi, maana mwingine aweza kuitenda kazi ile ile tena, na malipo yaliyokusudiwa kutumwa mara moja yakatumwa mara mbili.

Siku hizi vitufe vya simu nyingi ni picha tu zilizochorwa kiooni, nazo huchorwa na programu nyingine kabisa. Programu hiyo hailazimiki kutuma habari za kila mbonyezo. Mara nyingi hukabidhi maneno yaliyokwisha kamilika, pengine neno zima kwa mguso mmoja. Fundi azoeaye kungoja hodi ya kila kitufe atangoja mlangoni pale, hali wageni wamekwisha ingia kwa mlango wa uani.