Ba, Be, Bi, Bo, Bu: Masomo ya Kwanza ya Misioni



Katika mwaka huu wa Yubile tunawashukuru waliojenga kanisa letu. Inafaa tuwakumbuke pia wale waliofundisha watoto kusoma, maana bila kazi yao vitabu vya sala vingebaki vimefungwa.

Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya Tanganyika, mwaka 1885. Mwaka 1893 wakaanzisha misioni ya Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo. Walikuta Watabwa na watu wa makabila mengine, pamoja na watoto waliokombolewa utumwani. Kiswahili kikawa lugha ya mafundisho. Kisha, kwa Mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Vatikano na Serikali ya Leopold II, misioni zilijifunga kufungua masomo, nazo zikapewa mashamba.

Wakatekumeni walishika sala kwa kichwa. Desturi hiyo ni njema, lakini ina hatari kwa mwalimu wa kusoma. Mtoto ajuaye Baba Yetu aweza kufungua kitabu, kupitisha kidole chini ya maneno, na kuonekana anasoma, kumbe anakumbuka tu.

Dawa yake ni silabi. Kiswahili kina vokali tano, na kila moja ina sauti moja. Mwalimu aandika ubaoni: ma, me, mi, mo, mu, kisha: ja, je, ji, jo, ju. Watoto wakizijua, huunganisha ma na ji, nao wamesoma «maji». Lakini wakiimba orodha nzima kwa mfuatano wake, bado hawajasoma. Lazima mwalimu avuruge mpango, aonyeshe mu mbele ya ma, kisha aandike neno wasilolitazamia.

Ugumu haukosi. Kwetu twasema «mutu», kitabu chaandika «mtu». Twasema «zambi», vitabu vingine vyaandika «dhambi». Mtoto hana kosa hapo: ni wajibu wa mwalimu kumweleza. Kifaransa ni kigumu zaidi. Maji yale yale huandikwa «eau», herufi tatu kwa sauti moja ya o. Mtoto aliyezoea kwanza kwamba herufi ni alama ya sauti, atayavumilia mafumbo hayo. Asiyezoea atakariri tu.

Matunda ya masomo hayo tunayajua. Stefano Kaoze, Mtabwa, mwanafunzi wa Mpala, aliandika kwa Kifaransa juu ya fikara za Wabantu hata kabla ya kuwa padri. Tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati hizi.

Wazazi wengi leo wapenda mtoto aanze na Kifaransa siku ya kwanza, wakidhani Kiswahili chamchelewesha. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 yenyewe yakubali lugha zetu katika kufundisha. Tusizidharau.

Nasi waalimu wa dini, tunapompima mtoto kabla ya Komunyo ya kwanza, tusimfungulie ukurasa wa Salamu Maria. Tumfungulie ukurasa asioujua. Akiusoma polepole, silabi kwa silabi, tumshukuru Mungu: huyo amepata ufunguo, na hakuna atakayemnyang’anya.