Kabuti, Bafta na Mitumba: Vita katika Mavazi ya Tanga

Kila ninapofundisha Vita Kuu ya Kwanza, wanafunzi wanaotoka Tanga huwa na jambo moja la kusimulia: nyuki. Husimulia kwamba Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India, watu wapatao 8,000, lilishindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu wapatao 1,000 tu, na kwamba nyuki walioghadhibishwa na risasi waliwavamia wapiganaji. Nyuki walikuwapo kweli. Lakini kisa hicho kimetusahaulisha swali kubwa zaidi: watu wa kawaida wa Tanga, Pangani na vijiji vya Mkinga waliishije majenerali walipokwisha kuondoka? Mimi huanza kulijibu kwa kutazama nguo. Chakula cha pwani hii kilitoka shambani na baharini. Nguo ililetwa na meli, na njia ya meli ndiyo hufungwa kwanza vita vinapozuka.

Hali hiyo ilikuwapo hata kabla ya Wajerumani. Kitambaa cha marekani, ambacho misafara ya Pangani na Tanga ilikitumia mithili ya fedha ilipokwenda bara, kilipewa jina la nchi kilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, kati ya 1861 na 1865, viliivuruga biashara ya pamba, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Jina likabaki. Mpagazi wa Pangani huenda hakupata kumsikia Lincoln maishani mwake, lakini shuka aliyojifunga ilikuwa imeguswa na vita vyake.

Turudi 1914. Waingereza walipokimbilia melini waliacha ufukweni bunduki za mizinga, mamia ya bunduki za kawaida, risasi zaidi ya laki tano, na pia makoti, mablanketi na sare. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwavisha askari wake kwa ngawira hiyo. Kwa hiyo askari Mwafrika wa Mjerumani alivaa koti lililoshonwa kwa ajili ya adui yake. Baadaye manowari za Kiingereza ziliizingira pwani. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, ikijisingizia kuwa ya Denmark, ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na kuungua; hata hivyo sehemu kubwa ya shehena yake iliopolewa.

Meli moja haikuweza kuivisha nchi. Hapo ndipo ufundi uliokuwa ukififia kwa kushindwa na vitambaa vya madukani ulipotafutwa tena: kusokota pamba kwa mkono, kufuma, kutia rangi ya hudhurungi kwa mimea ya porini. Kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa 1902 katika milima ya Usambara, kiligeuzwa kuwa karakana ya kutengeneza dawa, sabuni na mishumaa. Vitabu huusifu sana werevu huo wa Wajerumani. Havisemi mengi juu ya mikono iliyosokota na kuchuma, wala juu ya wapagazi wa pande zote mbili waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa, wakiwa na blanketi moja mwilini au bila hata hilo.

Waingereza waliitwaa Tanga Julai 1916. Vita vilipomalizika, kaki na kabuti vilirudi na waliosalia. Ngoma ya beni, iliyokuwapo pwani tangu kabla ya vita, ikapata nguvu mpya: Marini na Arinoti wakashindana kwa gwaride, tarumbeta, sare na vyeo vya kijeshi na kifalme. Wako Wazungu walioiona kuwa kichekesho cha watu wanaoiga. Mimi sikubali. Mtu aliyebebeshwa mizigo kwa nguvu kwa miaka minne, kisha akajishonea sare na kujipa cheo cha jenerali mtaani kwake, hakuwa akiiga tu. Alikuwa akidai heshima ambayo vita vilimnyima.

Vita vya pili sitavikawiza. Japani, iliyokuwa ikiuza sehemu kubwa ya vitambaa vya bei nafuu Afrika Mashariki, iligeuka adui Desemba 1941, na nguo zikaadimika. Japani hiyohiyo ilipoiteka Ufilipino, mkonge wa Tanga ukawa mali ya vita, na watu wakalazimishwa kwenda kuukata. Mji uliojaza maghala nyuzi za kamba ukakosa kitambaa.

Uhaba ambao kizazi changu kinaukumbuka ni ule uliofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mikanda haikulegea. Ukame, bei ya mafuta na sera zetu wenyewe viliongeza uzito juu ya gharama za vita. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na bidhaa za magendo, sabuni na kanga zikiwamo, zilipita usiku kwa mashua. Katika msako wa wahujumu uchumi wa 1983 mtu aliweza kutiliwa shaka kwa doti chache za kanga zilizofichwa uvunguni.

Kilichowaumiza wazee zaidi kilikuwa bafta. Kwa Waislamu maiti ya mwanamume huvikwa nguo tatu, ya mwanamke tano, na mazishi hayangoji foleni. Nawakumbuka akina mama waliohifadhi sanda zao sandukuni wangali wazima, wasije wakawaaibisha watoto wao.

Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mitumba ilimiminika, nayo ikaitwa kafa Ulaya, kana kwamba kila shati lilivuliwa maiti. Wazee walisita, vijana wakavaa, na baada ya miaka michache Ngamiani nzima ilikuwa imevaa. Bafta haikuingia katika biashara hiyo. Iliendelea kununuliwa mpya dukani, ikipimwa na kukatwa bila kushonwa, na muuzaji akishaambiwa ni ya sanda hakubishaniwa bei.